Maswali na Majibu: Fedha za Tabianchi ni Msaada au ni Deni?

Barua za safari hii, ingawa zimetoka pande tofauti, karibu zote zinauliza habari ya fedha: nani alipe, amlipe nani, na malipo hayo yaitweje.

Swali: Mafuriko ya Rufiji ya mwaka 2024 yalisomba mpunga wangu wote. Nasikia upo mfuko wa dunia wa kulipia hasara za namna hii. Niandike wapi? (Mkulima, Kibiti)

Pole sana. Mfuko upo, lakini haupokei maombi ya mtu mmoja mmoja. Nchi za visiwa vidogo, Vanuatu ikiwa mbele, zilianza kudai chombo cha namna hiyo tangu mwaka 1991, kikakubaliwa katika mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa huko Sharm el-Sheikh, Misri, mwaka 2022, na mfuko ukazinduliwa katika mkutano wa Dubai mwaka 2023 chini ya uangalizi wa Benki ya Dunia. Ahadi za mwanzo zilikaribia dola milioni 700 kwa dunia nzima. Marekani, ambayo ukijumlisha uchafuzi wake wa miaka yote hakuna nchi inayoifikia, iliahidi milioni 17.5, na mwaka 2025 ikajiondoa katika bodi. Mwaliko wa kwanza wa maombi ulitolewa Belém, Brazili, Novemba 2025, ukiwa na dola milioni 250, kila ombi likipewa kati ya milioni 5 na 20. Milango hiyo hupitwa na serikali, si na wakulima. Basi mwulize mbunge wako na halmashauri kama andiko limepelekwa, na kama mashamba ya bonde la Rufiji yametajwa ndani yake. Najua jibu hili halirudishi hata gunia moja.

Swali: Kama ni kulipia hasara, mbona hawaiti fidia? (Mwalimu, Mombasa)

Kwa sababu neno hilo lilizibiwa njia mapema. Mkataba wa Paris wa mwaka 2015 unakiri, katika Kifungu cha 8, kwamba kuna hasara na uharibifu unaotokana na mabadiliko ya tabianchi. Lakini uamuzi uliopitishwa pamoja nao unasema kifungu hicho si msingi wa kudai dhima wala fidia, sharti ambalo Marekani ililishikilia kwa nguvu. Nalo si suala la msamiati tu. Msaada mtoaji huupangia kiasi, siku na masharti. Deni lina tarehe yake, na mdai ana haki ya kubisha hodi.

Tazama dola bilioni 100 kwa mwaka zilizoahidiwa Copenhagen mwaka 2009, ambazo zilipaswa kutimia ifikapo 2020. Kwa hesabu ya nchi tajiri zenyewe zilitimia mwaka 2022, na sehemu kubwa ya fedha za umma zilizohesabiwa humo ilikuwa mikopo. Ni kama jirani aliyebomoa ukuta wako kwa gari lake, akakukopesha matofali, kisha akaandika daftarini kwamba amekusaidia. Mwaka 2019, kimbunga Idai kilipoipiga Beira na kuua mamia ya watu nchini Msumbiji, nchi hiyo ilikwenda Shirika la Fedha la Kimataifa ikapata dola milioni 118. Mkopo haukuwa na riba, lakini ulikuwa mkopo.

Swali: China nayo je? Mbona lawama zote kwa Wazungu? (Msomaji, Kigali)

Hoja yako ni ya haki. China ndiyo inayotoa hewa ukaa nyingi kuliko nchi yoyote kwa sasa, na orodha ya mkataba wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1992, inayotenganisha tajiri na maskini, bado inaiweka Qatar upande wetu, jambo linalochekesha. Hata hivyo, joto tunalolihisi leo limetokana na moshi uliolimbikizwa tangu karne ya 19, si wa mwaka jana peke yake.

Swali: Je, tuache bomba la mafuta ghafi kwa sababu Ulaya imesema? (Mfanyabiashara, Tanga)

Kwa sababu Ulaya imesema, hapana. Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kulipinga Septemba 2022, mwaka uleule Ujerumani ilipokuwa ikirudisha kazini mitambo ya makaa ya mawe. Lakini unafiki wa mkemeaji hauwi hoja ya kulitetea bomba lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, ambalo asilimia 62 ni mali ya kampuni ya Kifaransa, TotalEnergies, huku Uganda na Tanzania zikiwa na asilimia 15 kila moja kupitia mashirika yao. Kesi iliyofunguliwa katika Mahakama ya Afrika Mashariki ilitupwa Novemba 2023 kwa kuchelewa kufunguliwa. Hoja zenyewe hazikuamuliwa. Waulizwe kwanza waliohamishwa kupisha njia yake.

Swali: Maoni ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kuhusu tabianchi yana faida gani ikiwa hayamfungi mtu? (Mwanafunzi wa sheria, Dodoma)

Shauri hilo lilianzishwa na wanafunzi wa sheria kama wewe, huko Pasifiki mwaka 2019, Vanuatu ikalibeba hadi Umoja wa Mataifa. Tarehe 23 Julai 2025 majaji walisema kwa kauli moja kwamba kila nchi ina wajibu wa kuzuia madhara makubwa kwa tabianchi, kwamba hata kutoa leseni za kutafuta mafuta kunaweza kuwa kosa, na kwamba anayevunja wajibu huo anaweza kudaiwa fidia kamili. Wajibu huo, kwa sehemu, unatokana na sheria ya kimila ya kimataifa, yaani desturi zinazozifunga nchi hata bila mkataba, kwa hiyo kujitoa katika mkataba hakumvui mtu.

Neno lililofungiwa nje Paris limeingia kwa mlango wa mahakama. Kigumu ni ushahidi: mdai lazima aonyeshe uhusiano wa moja kwa moja na wa hakika kati ya kosa na hasara. Kwa mkulima wetu wa Kibiti, mtu atasema ni El Niño, mwingine atasema ni maji yaliyofunguliwa katika bwawa la umeme la Rufiji, na moshi wa nchi ya mbali utasimama kizimbani wa mwisho.