Stoo imeisha lakini mfumo hauagizi

Mkuu, unasema stoo imebaki na katoni 40 za mafuta ya kupikia, minimamu (kiwango ambacho mzigo ukishuka chini yake mfumo uagize) umeweka 180, na bado Odoo, ile programu ya kusimamia stoo, haitoi oda. Angalia kwanza mapokezi ya zamani ambayo hayajafungwa. Odoo haiangalii kilichopo kwenye rafu peke yake, inachukua kilichopo inajumlisha kinachotarajiwa kuingia inatoa kilichoahidiwa kwa wateja, sasa kama mwezi uliopita uliagiza 200 sapulaya akashusha 50 akasema zingine kesho na hiyo kesho haijafika mpaka leo, zile 150 bado zinahesabika ziko njiani. 40 na 150 ni 190, imevuka 180, ndo maana imetulia tu. Ingia kwenye yale mapokezi ya salio la 150 uyakansel, kisha uendeshe tena uagizaji uone.

Mimi ilinikuta kwenye sabuni, wiki nzima wateja wanarudi mikono mitupu na kompyuta inasema mzigo upo, iliniuma sana.

Halafu hiyo minimamu usiikisie. Kama unauza katoni 20 kwa siku na mzigo unachukua siku 6, hapo ni 120, ongeza akiba ya siku 3 ndo unapata 180. Ila hizo siku 6 zipime mwenyewe kuanzia siku uliyotuma oda mpaka gari linashusha, usichukue maneno ya sapulaya. Na katoni zilizovuja zitoe kwenye mfumo siku hiyohiyo, usisubiri kuhesabu stoo mwisho wa mwezi.