Je, Wakatoliki Wanayajua Maandiko Matakatifu?

Swali: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mimi ni muumini hapa Kisumu. Jirani zangu wa makanisa mengine huenda ibadani na Biblia mkononi, na hutaja sura na aya bila kusita. Wanasema sisi Wakatoliki hatuyajui Maandiko. Niwajibu nini?

Jibu: Milele na milele, amina. Ndugu yangu, yatafakari kwanza maneno unayoyatamka mwenyewe katika Misa. Unapoimba "Mtakatifu, Mtakatifu, Mtakatifu" unaungana na maserafi ambao nabii Isaya aliwasikia hekaluni (Isa 6:3), na "Hosana" inayofuata ni sauti ya umati uliompokea Bwana Yerusalemu. "Mwanakondoo wa Mungu" ni ushuhuda wa Yohane Mbatizaji, na kabla ya kukomunika unakiri "sistahili uingie kwangu" kwa imani ya yule akida wa Kapernaumu (Mt 8:8). Hayo unayajua kwa moyo, tena umeyajua kwa kuyasali.

Kisha yako masomo yenyewe. Kwa agizo la Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa, mpango wa masomo uliotolewa mwaka 1969 hutupitisha kwa Mathayo, Marko na Luka katika Dominika za miaka mitatu, huku Yohane akisikika hasa katika Kwaresima na Pasaka. Baada ya Neno tunaiendea altare, kwa kuwa ndivyo Bwana alivyofanya na wanafunzi wa Emau: aliwafafanulia Maandiko njiani, ndipo wakamtambua katika kuumega mkate (Lk 24). Kwetu, kulitenga Neno na Ekaristi ni kuikatiza safari ile.

Kuhusu kutaja aya, namba za aya za Agano Jipya tunazozitumia ziliwekwa mwaka 1551, na kabla ya hapo watakatifu wengi waliyajua Maandiko pasipo namba hizo. Hata hivyo, jirani zako wasipuuzwe. Wapo miongoni mwetu wanaoimba "Mtakatifu" miaka yote bila kuifungua Isaya hata mara moja, na jambo hilo linanisikitisha, kwani Mtakatifu Yeronimo alifundisha kwamba kutoyajua Maandiko ni kutomjua Kristo. Nunua Biblia yako, uende nayo kwenye jumuiya ndogondogo, na Injili ya Dominika isomeni pamoja kabla ya siku yenyewe. Jirani zako wakiuliza tena, wafungulie Isaya sura ya sita, uwaeleze ni wapi katika Misa tunaiimba.