Mila za wenyeji kwenye kipindi cha afya na michezo: tulivyofanya Arumeru na Moshi Vijijini

Mwalimu mwenzangu, umeuliza mambo mawili. Kwanza, kama ule mfumo wa jimbo la British Columbia, Canada, wa kufundisha afya na michezo kwa kufuata kanuni za wenyeji wa asili wa huko unaweza kufanya kazi kwenye shule zetu za Arusha na Moshi. Pili, kama kuwaalika morani, vijana wa Kimaasai, waruke ngoma yao siku ya mahafali kunatosha kuitwa kufundisha kwa umahiri.

Naanza na la pili: hakutoshi. Siku ya mahafali watoto wanakuwa watazamaji. Umahiri ni kile mtoto anachoweza kukifanya mwenyewe mbele ya mtu anayekijua, kisha akakifanya tena wiki nyingine, mahali pengine, bila wewe kumshika mkono.

Hilo la Canada lina historia yake. Kwa vizazi kadhaa watoto wa wenyeji kule walitenganishwa na wazazi wao, wakapelekwa shule za bweni walikokatazwa kusema lugha zao. Za mwisho zilifungwa miaka ya 1990. Katika jimbo lile pekee jamii za wenyeji ni zaidi ya 200, na wazee na walimu wao walipokaa kuandika kanuni za kujifunza hawakuandika orodha ya ngoma na vyakula. Waliandika namna mtoto anavyojifunza: lengo ni uzima wake mwenyewe, wa familia, wa jamii na wa ardhi, kunataka subira na muda, kila rika lina wajibu wake, na yapo maarifa ya kuombea ruhusa kwanza. Mtaala wao mpya ulipoanza, chekechea hadi darasa la tisa, mwaka 2016, afya na michezo vilikaa kwenye somo moja. Hapo ndipo pa kujifunza kwao, kwa sababu sisi bado tunafundisha minyoo darasani na kukimbia uwanjani kama vitu visivyojuana.

Kwetu nako si jambo geni. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shule isimng'oe mtoto kwao. Mitaala yetu inazungumzia umahiri tangu 2005, na huu wa sasa ulioanza Januari 2024 umeurudia kwa mkazo. Kilichopungua ni mfano wa kazi yenyewe, kwa hiyo nakupa wa kwangu.

Nilipokuwa Arumeru, chini ya Mlima Meru, darasa zima lilikuwa na watoto wanaoziba mdomo wakicheka. Unajua sababu. Miamba ya mlima ule ina floraidi nyingi, inaingia kwenye maji, na mtoto anayeyanywa wakati meno yake ya ukubwani yanajijenga ndani ya fizi anatoka na meno ya kahawia maisha yake yote. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na sehemu nyingi za huko zinapita kiwango hicho kwa mbali. Kitabuni mada hiyo ni aya chache: visababishi, dalili, kinga. Watoto wanakariri, wanapata vema zao, wanarudi nyumbani kunywa maji yale yale.

Tukageuza kazi. Kila mtoto alitumwa kwa bibi au babu na maswali machache: mlikuwa mnateka wapi, maji yapi yalikuwa ya kunywa na yapi ya ng'ombe, nani alikulia upande gani, na meno yao yakoje. Walifundishwa kwanza namna ya kuuliza. Unaamkia, unasubiri upewe kiti, haumchungulii mtu mdomoni bila kuomba. Mafunzo hayo ya adabu yalichukua muda mrefu kuliko nilivyopanga, na ningeyapa muda ule ule leo, maana mawasiliano ni umahiri kamili. Kisha wakachora ramani ya kijiji kwenye karatasi kubwa, kila chemchemi na kisima kikiwa na rangi yake.

Ndipo tukaomba vipimo kwenye ofisi ya maji. Ramani ya mabibi na karatasi ya vipimo vilikubaliana karibu kila mahali, isipokuwa kisima kimoja kirefu ambacho wazee walikisifia kwa utamu. Kwenye vipimo kilikuwa kibaya. Watoto walibishana sana siku ile, na mmoja ndiye aliyepata jibu: kisima ni kipya, waliokulia kwenye maji yake bado hawajaota meno ya ukubwani. Wazee husoma maji kwa kuangalia meno ya kizazi kinachofuata, na maji yale yalikuwa hayajapata kizazi. Hapo sikuhitaji kuwahubiria kwamba maarifa ya wazee na maabara vinahitajiana. Walikuwa wameona wenyewe kila kimoja kinafika wapi.

Baada ya hapo ikaja sehemu ninayoithamini kuliko zote. Meno ya mtoto wa darasa la sita yameshaisha kujijenga, hakuna atakachokiokoa mdomoni mwake. Anajifunza kwa ajili ya mdogo wake. Tukaweka hilo kuwa kazi ya umahiri: nyumbani mwenu, mtoto wa chini ya miaka minane anywe maji gani, na utamshawishije mama? Ilibidi waeleze kwamba kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi floraidi, yakipungua sufuriani inazidi kukolea. Kwamba maji ya mvua ya bati ni salama kwa upande huo yakihifadhiwa vizuri. Kwamba magadi tunayotia kwenye maharage na kiburu, kile chakula cha ndizi na maharage, nayo yana floraidi, na maharage yakilowekwa usiku kucha yanaiva bila hayo. Tukawaeleza pia kuhusu kituo cha Ngurdoto kinachotafiti namna ya kuondoa floraidi, na chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mama mmoja alikuja shuleni kuuliza mwenyewe habari ya magadi. Kwangu hiyo ni alama kubwa kuliko mtihani.

Upande wa mazoezi ya viungo: huko huko Arumeru tulitaka kuruka kwa Kimaasai kuingie kwenye kipindi. Hatukuanza kuruka, tulianza kwa laigwanani, kiongozi wa mila wa Wamaasai. Alituambia wimbo upi watoto wanaweza kuuimba na upi ni wa morani peke yao, nasi tukaheshimu. Kisha akakaa pembeni ya uwanja kusahihisha: miguu miwili pamoja, mgongo wima, visigino visikae chini kati ya mruko na mruko, sauti ya waimbaji ipande pamoja na mrukaji. Wasichana walipouliza kama na wao waruke, alicheka akasema hapa ni shuleni, rukeni. Mimi kazi yangu ilikuwa kuwaonyesha misuli ipi inafanya kazi na kwa nini wanaotua kwa kishindo huumia magoti.

Moshi nilipohamia, mlima wenyewe ndio uwanja. Shule haikuwa na mpira hata mmoja wenye upepo, lakini ilikuwa na mfongo, ule mfereji wa jadi wa maji wa Wachaga, unaopita juu yake, na meku, yaani mzee wa Kichaga, anayejua historia ya mfongo ule na zamu za maji. Tulipanda naye kusafisha majani na tope. Kabla ya kupanda kila mtoto alihesabu mapigo ya moyo kwa sekunde 15 akazidisha kwa 4, akarudia juu, akarudia tena baada ya kupumzika. Wiki kwa wiki wakaona moyo unatulia haraka zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Kwa mtoto wa mgombani anayekata majani ya ng'ombe na kubeba maji, kazi ya mwalimu ni kumfundisha kubeba bila kuumiza mgongo.

Sasa upimaji, maana najua una watoto wengi kuliko madawati. British Columbia tangu 2023 wanatumia ngazi nne badala ya alama, chekechea hadi darasa la tisa. Mimi naziandika hivi: anaanza, anaendelea, amemudu, amevuka. Usijaribu kupima darasa zima siku moja. Chagua kikundi kimoja kila kipindi, wengine wajipime wenyewe na wapimane, na mzee akiwepo mwombe aseme nani amemudu. Aliyevuka anapewa kikundi cha wadogo awafundishe.

Mipaka iwepo. Si kila kilichoitwa mila kinaingia shuleni. Ukeketaji ni kosa la jinai kwa sheria ya mwaka 1998 na unaumiza mabinti zetu hadi leo, hasa kanda hii. Mweleze mzee hivyo hivyo, kwa heshima na bila kuzunguka. Dawa za miti nazo watoto wajifunze majina na heshima yake, kuonja hapana.

Mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, akija, muonyeshe ramani, madaftari ya mapigo ya moyo, na andalio la somo lenye umahiri mkuu na mahususi kutoka kwenye muhtasari. Na wazee waombe Februari, kwenye mkutano wa kijiji, kwa kupitia mwenyekiti. Masika ikishaanza wote wako shambani, hutampata mtu. Ukitaka nilivyoandika kipengele cha upimaji kwenye andalio, sema nikiweke hapa.