Fundi Tujibu: Albamu ya Mkono, Jalada la Leso na Picha za Kina Mama

Salamu aleikum fundi. Niko Malindi, napiga picha za harusi upande wa wanawake. Zamani nilikuwa napeana fleshi tu na kazi imeisha, lakini siku hizi mabibi harusi wataka albamu ya kutengenezwa kwa mkono, na jalada liwe la leso. Najaribu lakini jalada likikauka lapinda, gundi yapenya mpaka juu ya leso yaacha madoa, na picha nikizigandisha zafanya mawimbi. Alafu kuna mama amenirudishia albamu, ataka nimtolee picha mbili za bintiye, sasa nitazitoaje na zimeshaganda? Nisaidie dada yangu. (Msomaji wa Malindi)

Waaleikum salam mdogo wangu. Ngoja nianze na huyo mama, manake yeye ndiye amekuonyesha kidonda kiko wapi, hayo mengine ya leso na mawimbi tutayafikia. Albamu ya harusi ya kwetu Pwani lazima picha iweze kutoka. Wewe waijenga kama kwamba ikishafungwa imefungwa, na maisha ya watu hayaendi hivyo. Bibi harusi leo amekaa na nywele wazi na maua kichwani, baada ya miaka ataka ile picha isionekane na yeyote. Au ameachika, au amefariki na shangazi yake alioko Oman aomba ile moja tu aliyocheka. Mimi hizi nazipokea kila mara na simkatalii mtu, nafungua, natoa, narudisha albamu ikiwa nzima.

Kwa hivyo gundi isiguse picha kabisa. Tumia pembe. Zile za dukani za kubandika ni sawa ukizipata, lakini Lamu hatuzipati kila siku, mimi nakunja mwenyewe. Kata ukanda wa karatasi nyeupe imara, upana sentimita 1 na nusu, urefu sentimita 5. Shika katikati, kunja upande wa kulia ushuke chini, kunja wa kushoto ushuke chini, ikutane katikati, utaona umepata pembetatu yenye mikia miwili. Ile kona ya picha yaingia ndani ya pembetatu, mikia waikata ibaki mifupi, gundi waipaka nyuma ya pembe peke yake, tone dogo, alafu wabandika kwenye ukurasa. Nne kwa kila picha. Picha yakaa imetulia, ina nafasi kidogo ya kupumua, na siku ikitakiwa waikunja kwa upole yatoka. Ndiyo, ni kazi, albamu ya picha 60 ni pembe 240, na mimi naikaa jioni na kahawa naikunja rundo zima kabla sijafungua hata picha moja. Hayo mawimbi yako pia yaisha hapo hapo, manake karatasi ya picha na karatasi ya ukurasa zikivuta unyevu hazivuti sawa, ukizigandisha pamoja moja yamvuta mwenzake.

Na huo unyevu usiuchukulie mchezo. Hapa kwetu hewa ina chumvi na maji mwaka mzima, sura mbili za picha zikilaliana ziking'aa zinanatana, ukizitenganisha rangi yabaki upande wa pili na hakuna dawa. Weka karatasi laini nyembamba kati ya kila kurasa mbili. Na usifunge albamu mpya ndani ya nailoni ukadhani waihifadhi, jasho lake labaki ndani kisha ukungu waota. Miezi ya masika mimi nampa mteja siku nyingi zaidi, namwambia wazi kabisa, jalada halitakauka kwa haraka yake. Wakati wa kaskazi lakauka vizuri zaidi.

Sasa jalada. Kadibodi tafuta ile ngumu ya mafundi wa kujalidi vitabu, si ya boksi la sabuni. Karatasi na kadibodi zina nyuzi zinazoelekea upande mmoja, ipinde kidogo huku na huku, pale inapokubali kupinda kwa urahisi, ule mstari wa kupindia ndiko nyuzi zinakokwenda, na nyuzi lazima ziende sambamba na mgongo wa albamu. Watu wengi wanaruka hili alafu wanailaumu gundi. Jambo la pili, ukigandisha kitambaa upande wa nje tu, kikikauka chavuta kadibodi upande wake, basi ndani nako gandisha karatasi siku hiyo hiyo, huku wavuta, huku wavuta, jalada labaki bapa. Liweke chini ya uzito mpaka asubuhi, mimi natumia mawe mawili yaliyofungwa kwenye kitambaa safi.

Leso ni pamba nyepesi ndiyo maana gundi yapenya. Ipige pasi, kisha nyuma yake gandisha karatasi nyembamba kwanza, iache ikauke kabisa, hapo sasa umepata kitambaa chenye mgongo. Gundi nyeupe ya seremala ipake kwenye kadibodi na si kwenye leso, brashi iwe karibu kukauka. Uji wa unga wa ngano, ule watoto wanaotengenezea tiara, wagandisha vizuri lakini waita mende na vidudu vinavyokula karatasi, kwenye albamu usiutumie. Na tafadhali kabla ya mkasi kupita, tandaza leso usome jina lake, yale maneno yaliyochapwa juu yake. Kama bibi harusi amekuletea leso ya mamake basi lile jina ndilo alilolitaka juu ya albamu, si maua ya pembeni. Pima kwa rula ya chuma, lile jina likae lote bila kukatwa neno katikati, na acha kiasi cha sentimita 2 kila upande za kukunjia ndani. Ikikosa kutosha mpigie simu umwambie, usiamue mwenyewe.

Kurasa usizishone, tumia skrubu fupi zile zenye kifuniko upande wa pili, hapo mgongoni weka vipande vyembamba vya manila kati ya kurasa unene ulingane na picha, la sivyo albamu yakaa mdomo wazi. Skrubu zafunguka, ukurasa watoka, mwingine waingia akizaliwa mtoto. Huku visiwani kujalidi si jambo geni, Siyu watu walikuwa wakiandika misahafu kwa mkono na kuijalidi tangu karne ya 18 na 19, kwa hivyo mtu akikuambia hii ni mitindo ya Wazungu usimsikilize.

Nimalizie kwa kina mama hapo hapo. Wewe wapiga upande wa wanawake, picha za kutoa nje, pale bibi harusi anapoonyeshwa kwa wanawake wenzake, watu wamepambwa wamefunua, basi usizipeleke kuoshwa kwenye studio ambayo kijana wa kaunta atazipitia moja moja. Nunua printa ndogo ya wino wa pigmenti, unadumu zaidi kuliko ule wa rangi ya maji, uoshe nyumbani kwako. Tengeneza albamu mbili, ya wanaume mbali, ya wanawake mbali. Ya wanawake mpe mama mkononi mwake, si dalali, si mpwa wake aliyepita njia. Sampuli ya kuonyesha wateja wapya tengeneza kwa mikono iliyopakwa hina na viatu na vyakula, sura ya mtu isiwemo. Na status ya simu usiweke hata ile ya mgongo. Heshima ya nyumba za watu imewekwa mikononi mwako, hilo nalisema kwa moyo wote.

Huyo mama aliyerudisha, mtolee kurasa nzima zile mbili umpe, umtengenezee mpya bila malipo.

Fundi, wateja wananitumia picha za kuosha kwa WhatsApp, zikitoka ziko na ukungu ukungu. Printa ni mbovu? (Kijana wa Langoni, Lamu)

Printa haina kosa mwanangu. WhatsApp ikituma picha kawaida yaibana ipungue. Mwambie atume kama dokumenti, au aje na simu yenyewe na waya. Picha ya inchi 4 kwa 6 yataka kama pikseli 1200 kwa 1800 ndio itoke safi, ikiwa chini ya hapo mwonyeshe kwanza kabla hujala karatasi.

Dada, albamu ya nyanya ni ile ya plastiki ya kunata, picha za miaka ya themanini hazitoki. Nizichemshie mvuke? (Msomaji wa Shela)

Usithubutu, wala maji wala mvuke. Kwanza zipige picha hapo hapo zilipo, mchana, kivulini, ili lolote litakalotokea unazo. Kisha chukua uzi wa meno usio na ladha, upitishe chini ya kona, uvute huku na huku taratibu kama msumeno mpaka ufike upande wa pili. Ikikataa kata ukurasa kuizunguka, iache na mgongo wake wa kunata uliofunikwa karatasi. Nyuma andika majina kwa penseli laini, usikandamize, na mwulize nyanya majina hayo leo akiwa na nguvu ya kuzungumza.