Moteri mbili zilizokufa, trekta moja inayolima

Trekta ya baba mdogo wangu ni Massey Ferguson 135, na anailimia mahindi upande wa barabara ya Kasenga. Mwezi wa kumi mwaka jana, mvua zikiwa zimekaribia, oili ilishuka bila mtu kuangalia. Biele (fimbo inayounganisha pistoni na kranki) ya silinda ya tatu ilikatika na kutoboa bloku ubavuni, tundu la kupitisha ngumi. Mafundi watatu walimwambia anunue moteri (injini) nyingine. Pesa hiyo hakuwa nayo, na hapa Lubumbashi mtu akichelewa kupanda, bukari (ugali) ya mwaka unaofuata ataila kwa unga wa sokoni.

Trekta hiyo inatumia Perkins AD3.152: silinda tatu, lita 2.5, kila silinda ina kipenyo cha milimita 91.4. Moteri za ukoo huohuo ziliwekwa pia kwenye jenereta, na sisi wa mji wa migodi jenereta kuukuu hatuzikosi. Tulipata moja barabara ya Kipushi kwa dola 350. Kilasi yake (kifuniko cha juu cha silinda) ilikuwa imepasuka, lakini bloku ilikuwa nzima. Ya kwetu ilikuwa kinyume chake: bloku imekufa, kilasi nzima.

Kwa wasomaji wa mbali: mafundi wa huku tumejifunza majina kwa Kifaransa. Biele ni konrodi, kilasi ni silinda hedi, shemizi ni slivu (bomba ambamo pistoni hutembea), segma ni ringi za pistoni, kusine ni beringi za kranki (shafti inayozungushwa na pistoni), karteri ni sampu, bakuli la oili chini ya moteri.

Kabla hujafungua boliti hata moja, jua kwamba trekta hii haina chasi. Moteri yenyewe ndiyo mgongo unaounganisha ekseli ya mbele na gia. Piga kabari za mbao pande zote mbili kati ya ekseli na mhimili wake, weka magogo mazito chini ya gia, ndipo utenganishe. Usipofanya hivyo sehemu ya mbele itapinduka, na hakuna mkono wa mtu unaoweza kuizuia.

Sasa niseme kuhusu kuchanganya vipuri. Kofia zinazoshika kranki usizitoe kwenye bloku moja ukazifunga kwenye nyingine, hata zikifanana kama mapacha. Kiwandani bloku na kofia zake hutobolewa pamoja, kwa mpigo mmoja. Ukizihamisha, matundu hayakai tena kwenye mstari, na kranki itakwama au itakula kusine kwa muda mfupi. Biele na kofia yake ni vilevile: zina namba iliyogongwa, na namba hizo zikae pamoja, upande mmoja. Kamshafti (shafti inayofungua valvu) nayo iende na tapeti zake zilezile, yaani vipande inavyovisukuma, kila moja mahali pake, kwa kuwa zimekwisha kuzoeana. Kwa hiyo bloku, kranki, kofia, biele na kamshafti tulizichukua zote kwa jenereta. Kilasi, karteri, flaiwili na kifuniko cha mbele zikatoka kwa trekta.

Shemizi za jenereta ziling'aa, na nilitaka kuziacha. Ashukuriwe Mungu nilipima kwanza. Kama huna kipimo cha ndani cha silinda, fanya hivi: ingiza segma mpya ndani ya shemizi, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, pima nafasi kati ya ncha zake kwa fila (bamba jembamba la kupimia nafasi). Pima juu, chini kidogo ya ukingo ambapo segma ya kwanza hugeukia, kisha pima chini kabisa ambapo segma hazifiki. Gawa tofauti kwa 3, ujue kipenyo kimeliwa kiasi gani. Juu nilipata milimita 1.05, chini 0.40. Tofauti ni 0.65, maana yake kipenyo kimeliwa zaidi ya milimita 0.2. Macho hayakuona chochote. Tukaweka shemizi, pistoni na segma mpya.

Kranki tuliipeleka kwa mzee mmoja wa turu (mashine ya kukereza chuma) hapa mjini. Alikataa kuisaga mpaka nimletee kusine mpya mkononi. Wakati ule nilikasirika, sasa namwelewa: unasaga kufuata kusine uliyoipata, si ile unayotumaini kuipata mpakani Kasumbalesa. Tulipata za 010, yaani pungufu ya milimita 0.25, naye akasaga kwa kipimo hicho.

Kilasi ya trekta niliipaka mafuta ya taa kati ya matundu ya valvu, nikaifuta ikauka, nikapaka unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatachora mstari kwenye chaki. Haukutokea.

Karteri ya jenereta ilikuwa ya bati, haiwezi kubeba mzigo wa trekta, kwa hiyo tulirudisha ile yetu ya chuma cha kumimina. Hapo angalia bomba la kunyonyea oili: lazima liendane na kina cha karteri. La jenereta halikufaa, tukafunga la trekta.

Kosa langu lilikuwa pampu ya mazutu (dizeli). Ya jenereta ilionekana safi kuliko yetu, nikaifunga. Moteri iliwaka vizuri, baba mdogo akapiga makofi. Lakini jenereta hutakiwa kuzunguka mara 1500 kwa dakika bila kubadilika, na pampu yake hurekebishwa kwa hilo. Tulipofunga mashine ya kupukuchua, shafti ya nyuma inayoizungusha mashine haikufika mizunguko 540 kwa dakika, kwa sababu trekta inahitaji moteri ipite 1500 ili kuifikisha huko. Siku mbili nilitafuta hewa kwenye mabomba. Tuliporudisha pampu ya trekta, baada ya kuipeleka kwa fundi wa pampu, ugonjwa ukaisha siku hiyohiyo.

Kabla ya kuiwasha moteri, vuta kizimio ili isiwake na uzungushe kwa stata, ukiipumzisha, mpaka geji ya oili ipande. Ikishawaka usiiache ikinguruma bure nusu siku: ipe kazi nyepesi, la sivyo shemizi mpya zitang'aa kama kioo na segma hazitakaa. Baada ya saa chache kaza kilasi tena kwa kufuata kitabu cha moteri, kisha rekebisha valvu kwa milimita 0.30 moteri ikiwa baridi.

Ndani ya boneti nimeandika kwa rangi nyeupe: bloku ya jenereta, kranki 010, shemizi mpya, pampu ya trekta. Fundi atakayeifungua baada yangu ataagiza kusine sahihi tangu siku ya kwanza.