Usiguse msasa kabla hujaona namba ya jeshi

Naandika kwa yeyote anayefufua Land Rover ya jeshi huku Uingereza, maana mimi nilihangaika miezi minane kwa kitu ambacho ningekimaliza mapema kama ningelikagua gari vizuri siku ya kwanza.

Yangu ni Lightweight Series III, zile walizozipunguza bodi ili helikopta iweze kuzibeba. Niliikuta shambani, haina kadi wala pleti, na mimi kwa pupa nikakimbilia kuisajili hivyo hivyo, nikapewa namba inayoanza na Q. Sasa Q maana yake umri wa gari haujathibitishwa, na bila umri huwezi kuingia kundi la magari ya kihistoria, yaani wenzako wenye gari la miaka 40 hawalipi road tax, kodi ya barabara, wewe unalipa, na ile pleti nyeusi yenye herufi za silva nayo unaikosa. Pleti nyeusi inataka gari liwe limetengenezwa kabla ya 1 Januari 1980 na limesajiliwa kama la kihistoria. Niliumia sana, maana pleti ya njano ya kisasa kwenye gari la enzi zile inakaa kama kiraka jamani.

Kilichoniokoa ni bampa la mbele. Nilikuwa nalipiga msasa wa maji polepole, kijani ikatoka, nyeusi ikatoka, mara nikaona kitu cheupe kwa chini. Tarakimu mbili, herufi mbili, tarakimu mbili. Namba ya jeshi, ule mtindo walioanza nao 1949! Ukipitisha kidole unahisi kabisa mistari ya brashi ya yule aliyeipaka. Niliacha msasa hapo hapo nikapiga picha, na rula nikaiweka pembeni ili vipimo visipotee.

Namba ile nikaituma makumbusho ya Royal Logistic Corps, kikosi cha ugavi cha jeshi la Uingereza, wanatunza kadi za magari ya jeshi. Kadi ilikuwepo: namba ya chesisi, sawasawa na ile ya kwenye kibati cha dashibodi, na tarehe ya kuingia jeshini, Machi 1975. Klabu ya magari ya kale wakaniandikia barua ya kuthibitisha umri, nikaomba upya, Q ikaondoka nikapata namba ya kiraia inayoishia na N, herufi ya mwaka ule. Hiyo namba huwezi kuihamishia gari lingine, lakini mi nihamishie wapi.

Kwa hiyo ukinunua, mbane muuzaji akupe fomu 654, karatasi ya jeshi ya kuliachia gari, hata akikwambia imepotea mwambie aitafute kwanza ndo umlipe. Na usije ukaingia barabarani na namba ya jeshi peke yake, ya kiraia lazima iwepo na isomeke. Mimi bampa la zamani nililitoa nikalitundika gereji na namba yake vile vile, pleti nyeusi nikaifunga kwenye bampa jingine.