Biashara ya Mtandaoni kwa Aliyechoka Kusubiri Ajira: Anza na Hofu ya Mteja

Wahitimu wengi ninaozungumza nao huniuliza swali moja: niuze nini mtandaoni? Swali hilo lina uzito wake, lakini kwa niliyoyaona tangu nianze kuuza viatu vya mtumba jijini Dar es Salaam kupitia Instagram na WhatsApp, naamini kuna swali jingine linalopaswa kutangulia. Kwa nini mtu asiyenifahamu anitumie fedha zake kabla hajakishika kile anachonunua? Aliyepata jibu la swali hilo anaweza kuuza viatu, mashuka, karafuu za Pemba au dagaa wa Kigoma, na wateja wakarudi. Asiyekuwa na jibu atabaki akibadilisha bidhaa kila baada ya miezi michache, akiamini kwamba tatizo ni bidhaa.

Niseme kwanza kuhusu ajira, kwa sababu wapo wanaomwambia kijana ajiajiri kana kwamba hakuwahi kuhangaika. Nilijisajili kwenye Ajira Portal, tovuti ya serikali ya kuombea kazi, nikapakia vyeti vilivyogongwa muhuri na wakili, nikaandika barua za maombi kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na nikaitwa kwenye usaili wa mchujo katika kumbi zilizojaa watu wenye vyeti kama vyangu. Kutafuta kazi nako kuna gharama: nauli ya kwenda Dodoma, mahali pa kulala, nakala, muhuri na bando, na kwa aliyetoka chuoni fedha hizo hutoka kwa wazazi au kwa ndugu ambao nao wana mahitaji yao. Mtu aliyepita huko hastahili kuitwa mvivu. Ninachomshauri ni kuanza shughuli yenye kipato hata kama ni kidogo wakati maombi yake yanaendelea, kwa kuwa kusubiri mikono mitupu kunachosha mwili na moyo.

Nilichagua viatu kwa sababu mtaji wake unagawanyika. Pale Karume, Ilala, mtu anaweza kuondoka na jozi tatu tu, akaziuza, akarudi kununua tano, bila kulazimika kupanga fremu ya duka ambayo mwenye nyumba anadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Kila jozi ya mtumba ni moja tu, haina pacha wake dukani, na jambo hilo lina faida na ugumu wake: mteja anajua akichelewa ataikosa, lakini wewe kila bidhaa unaipiga picha upya, unaipima upya na kuieleza upya. Asiyependa kazi ya namna hiyo ni heri auze kitu kinachofanana kutoka kipande kimoja hadi kingine, kama vile mashuka au vyombo, ambako picha moja itatumika kwa mzigo mzima.

Sasa turudi kwenye hofu ya mteja. Katika nchi ambayo karibu kila mwenye simu amewahi kupokea ujumbe wa matapeli unaosema ile hela itume kwenye namba hii, hofu hiyo ina msingi. Watu wametuma fedha kwa kurasa zenye picha nzuri na hawakupata bidhaa, au wamepokea kitu kisichofanana na walichokiona. Kwa hiyo mteja anapokuandikia, "Dada, hiki bado kipo?" anakupima pia. Anatazama umejibu baada ya muda gani, umeandika bei waziwazi au umemwambia aje inbox, na kama picha ni zako au umezichukua kwenye ukurasa wa watu wa nje. Bei iliyofichwa humfanya ahisi kwamba atapangiwa kwa kutazama sura yake kwenye profaili, na mimi simlaumu kwa kuhisi hivyo. Andikeni bei.

Nieleze kwa ukaribu namna ninavyoweka jozi moja ukurasani. Viatu huoshwa, hukaushwa kivulini na kupelekwa kwa fundi ikiwa soli imeanza kuachia. Picha hupigwa mchana, barazani, bila kichujio cha rangi, kwa sababu kiatu cha kahawia kinachoonekana chekundu kwenye simu kitarudishwa na mteja atakuwa na haki yake. Hupiga upande wa nje, upande wa ndani, soli, kisigino na sehemu yoyote yenye kasoro. Kisha hupima urefu wa ndani kwa futi kamba, maana namba 42 ya kampuni moja inaweza kuwa fupi kuliko namba 42 ya kampuni nyingine. Maelezo yake huwa hivi: "Ngozi halisi, kahawia. Namba 42, urefu wa ndani sentimita 26.5. Kisigino cha kulia kimelika kidogo upande wa nje, tazama picha ya nne. Bei 28,000, usafiri ni wa mteja." Wapo wanaonishangaa kwa kutangaza kasoro ya bidhaa yangu mwenyewe. Ninachokiona ni kwamba sentensi ile ya kisigino ndiyo inayouza, kwa kuwa anayeisoma hupata sababu ya kuyaamini na yale mengine niliyoyasema.

Katika malipo, jambo la kwanza ni jina. Mteja anapotuma fedha, simu humwonyesha jina la mpokeaji kabla hajathibitisha. Ikiwa ukurasa wako una jina moja na laini imesajiliwa kwa jina la shemeji yako, ataghairi hapohapo, na atakuwa amefanya busara. Laini na iwe ya kwako, au uchukue Lipa Namba, yaani namba ya kupokelea malipo ya biashara, inayoonyesha jina la biashara, na jina hilo liandikwe juu kabisa ya ukurasa ili alione mapema. Amua pia mapema kama mteja atatuma na ada ya kutolea fedha au utaibeba wewe, kisha uandike, kwa sababu mabishano juu ya shilingi mia kadhaa yamevunja mauzo mengi yaliyokuwa yameshakamilika.

Kwa wateja wa Dar es Salaam mimi hukubali walipe baada ya kuvaa na kuridhika, huku nauli ya bodaboda ikitangulia ili dereva asipate hasara mteja akighairi. Kwa wa mikoani malipo hutangulia, na hapo ndipo uaminifu unapohitaji ushahidi: picha ya mzigo uliofungwa na kuandikwa jina, picha ya risiti ya ofisi ya basi, namba ya basi na saa linapoondoka, vyote vikitumwa kwa mteja kabla hajauliza. Na wewe muuzaji ujilinde. Matapeli hutuma ujumbe wa kughushi unaofanana kabisa na ule wa muamala wa kweli, tena huja wakati bodaboda yuko mlangoni na una haraka. Tazama salio, usitazame ujumbe.

Hesabu ndiyo sehemu ninayowasihi wasomaji waisome taratibu. Chukua jozi ile ya shilingi 28,000. Tuseme ilinunuliwa kwa 14,000. Nauli ya Karume ikigawanywa kwa jozi zote za safari ile ni 1,000 kwa kila jozi. Fundi, sabuni na kamba mpya ni 1,500. Bando ni 700. Gharama imefika 17,200 na kinachobaki ni 10,800. Hapo bado hujatenga kitu kwa ajili ya jozi zitakazokaa muda mrefu na hatimaye kuuzwa kwa bei ya kununulia, na lazima zitakuwepo. Ukitenga 2,000, faida yako ni 8,800. Kwa hiyo anayetaka kupata shilingi 300,000 kwa mwezi ajue kwamba anahitaji kuuza jozi 35 hivi, ambazo ni zaidi ya moja kila siku, Jumapili ikiwemo. Namba hii haimkatishi tamaa mtu anayeijua tangu mwanzo. Humsaidia kuamua anunue nini, apandishe bei ya nini na aache nini. Daftari la shilingi elfu moja linatosha kwa kazi hiyo, mradi fedha ya mauzo isichanganywe na fedha ya mboga.

Kuhusu mtaji, kaeni mbali na mikopo ya kausha damu, yaani yenye riba ya kuumiza, hasa ile ya kwenye simu inayodai kuruhusiwa kusoma majina yote uliyoyahifadhi ili ukichelewa kulipa ndugu zako watumiwe ujumbe wa kukudhalilisha. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Halmashauri zina mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Afisa maendeleo ya jamii wa kata atakueleza masharti yake. Hata hivyo, nashauri mkopo uje baada ya daftari kuonyesha kwamba bidhaa inatoka.

Usiiweke biashara nzima ndani ya programu za kampuni moja. Jioni ya tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takribani saa sita, na muuzaji ambaye wateja wake wote walikuwa humo hakuwa na njia ya kuwafikia. Akaunti pia huibwa, hufungiwa, au hupotea pamoja na simu. Andika namba za wateja daftarini, pamoja na namba ya kiatu cha kila mmoja, ili ukipata jozi ya 44, ambayo ni adimu, ujue ni nani wa kumpigia kwanza. Ila namba hizo ni amana: zisigawiwe, na picha ya risiti ya mteja isiwekwe hadharani ikiwa na jina lake.

Nenda TRA, Mamlaka ya Mapato, mapema. Kupata TIN, yaani namba ya mlipakodi, hakulipiwi, kunahitaji namba yako ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, na katika utaratibu wa kodi ya makadirio mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hayatozwi kodi ya mapato. Zingatia kwamba yanayohesabiwa ni mauzo, yaani kama 333,000 kwa mwezi, na hesabu yetu ya jozi 35 inavuka hapo mara mbili na zaidi. Viwango hubadilika na sheria ya fedha ya kila mwaka, hivyo uliza ofisini kila Julai.

Na maombi ya kazi yaendelee. Akaunti ya Ajira Portal ihuishwe, na cheti kipya kikipatikana kipakiwe. Katika wasifu wako andika shughuli hii kwa ukamilifu wake: ununuzi wa bidhaa, utunzaji wa hesabu, huduma kwa wateja, usafirishaji wa mizigo mikoani. Kwenye usaili watakuuliza ulikuwa unafanya nini tangu uhitimu, na daftari lako la mauzo lina majibu yenye tarehe.